Blanketi la Mama Mkwe

Nilioa karibu mno. Kati ya boma letu na boma alikozaliwa mke wangu kuna shamba moja la mihogo na kijito ambacho kiangazi kikianza hukauka kabisa, mbuzi wakalala ndani yake. Wenzangu waliooa mbali huenda ukweni mara moja kwa mwaka, wamevaa koti, wakala kuku, wakarudi kwao wakipiga mluzi. Mimi mama mkwe ningeweza kukutana naye asubuhi yoyote kwenye njia ya kisimani, na kwetu huku Bukhayo, karibu na mpaka wa Uganda, hilo ni balaa. Mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono. Hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja, na chumba anacholala mama mkwe hukikanyagi. Nikimwona anakuja, naingia kwenye mahindi ya watu kama mwizi. Akiniona yeye kwanza, anavuta leso usoni na kugeukia ua hadi nipite.

Tuliishi hivyo miaka yote ya ndoa yangu na, kusema kweli, tulipendana. Mama hakukaanga njugu bila kunitumia bakuli langu, limefunikwa kwa sahani, pamoja na ujumbe kwamba asiyerudisha bakuli hapati tena. Mimi nami nilikuwa nikingoja aende kanisani Jumapili, ndipo navuka kijito na nyundo yangu. Nakaza ua wake, nabadilisha mpini wa jembe uliolegea, kisha naondoka kabla ibada haijaisha. Akirudi alikuwa akisimama katikati ya uwanja na kusema kwa sauti ya kufika hadi kwetu, "Sijui ni malaika gani huyu anayejua kupiga misumari." Mke wangu alikuwa akicheka mpaka anakaa chini.

Shida ilianza nilipokuwa mhudumu wa afya wa kujitolea. Kujitolea maana yake ni kwamba unafanya kazi ya watu wote, nao wote wanakuuliza kwa nini hujafanya zaidi. Nilipewa begi, kipimajoto na mwavuli, nikaonyeshwa nyumba za kutembelea, na nyumba ya mama mkwe ilikuwemo. Nilimwambia muuguzi wa zahanati yetu kwamba pale siwezi kuingia. Yeye si wa huku. Akacheka, akasema ugonjwa haujui mambo ya ukwe. Nilimjibu kwamba ugonjwa haujui lakini mama anajua, na nikaona bado anacheka.

Basi tukatafuta njia yetu. Nilikuwa nasimama nje ya lango, mgongo umeelekea nyumba, na jirani yake anasimama katikati. Jirani huyo ni mama mjane anayeleta omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Osieko na kuziuza sokoni, mwanamke mwenye mdomo ambao Mungu alimpa bila breki. Yeye ndiye aliyepitisha maneno yetu, ingawa hatukuwa mbali na masikio yetu yalikuwa mazima.

"Mwulize kama miguu bado inavimba," nasema.

"Anauliza kama miguu bado inavimba."

"Mwambie inavimba jioni," anasema mama kutoka mlangoni.

"Anasema inavimba jioni."

"Nimesikia."

"Kama umesikia, daktari, mbona unaniweka mimi hapa juani?"

Kijiji kizima huniita daktari, nusu kwa heshima na nusu kwa dharau, na yeye alikuwa upande wa dharau. Lakini hakuwahi kukosa kuja kusimama pale katikati.

Sasa niseme habari ya nyumba, kwa sababu bila hiyo nyumba hakuna kitu cha kusimulia. Mama alikuwa akiishi kwenye nyumba ya nyasi aliyojengewa na marehemu mume wake. Kuta nene za udongo, paa limeshuka chini hadi unainama kuingia, na ndani ni baridi kama ndani ya chungu. Lakini nyumba ya nyasi siku hizi ni aibu kwa watoto. Watu wakipita wanauliza, huyu mama hana vijana? Alikuwa nao wawili, mmoja Nairobi na mmoja Kampala, wakaona haya wakatuma mabati. Mimi kama mkwe nikatoa fundi, milango na makomeo ya chuma. Mbao tukazipata palepale bomani, kwenye ile miti miwili mikubwa iliyokuwa ikitia kivuli uwanja mzima. Tuliiangusha kwa furaha. Nyumba ya nyasi tukaibomoa siku hiyohiyo nyumba mpya ilipoisha, wanawake wakipiga vigelegele, na udongo wake ukatumika kusawazisha uwanja.

Mama alizunguka ndani akigusa ukuta kwa kiganja. Kisha akatoka, akamwambia jirani aniambie mimi niliyekuwa nimesimama langoni, "Sasa mvua inyeshe."

Mvua haikunyesha. Kiangazi tunakijua, si kitu kigeni, kila mwanzo wa mwaka jua hutuchoma kidogo kisha mawingu yanatoka upande wa ziwa na mambo yanakuwa sawa. Safari hii mawingu hayakutoka. Kuku walitembea midomo wazi. Lami ya barabara ya mpakani ililainika hadi viatu vinanata, na madereva wa malori waliokuwa kwenye foleni ya kuvuka Uganda walitandika maboksi chini ya trela na kulala huko mchana. Mke wangu anawapikia madereva chakula upande wa Busia, na alirudi jioni macho mekundu, chumvi ya jasho imekauka kwenye shingo. Hata saa za jioni mabati ya nyumba zetu yalikuwa bado yanalia, ta, ta, yakijaribu kupoa.

Muuguzi alitukusanya sisi wa kujitolea akatufundisha. Wazee wanywe maji hata kama hawana kiu. Nguo zilizoloweshwa shingoni na kwapani. Na zaidi ya yote, wazee wasikae ndani ya nyumba za mabati saa za mchana. Nikazunguka na mwavuli wangu nikihubiri hayo hadi sauti ikakauka. Kila nyumba waliniuliza swali moja, "Daktari, tumtoe mzee tumpeleke wapi?" Miti tulishakata. Vivuli vilivyobaki ni vya ukuta, vyembamba kama utepe, navyo huhama. Nilikuwa nasema, mpeni maji, kisha naenda nyumba nyingine kusema hivyohivyo, na moyoni najiona mjinga.

Nyumba ya mama ilikuwa mbaya kuliko zote. Haina silingi chini ya mabati, madirisha yake ni madogo kwa sababu tuliogopa wezi, na tangu asubuhi hadi jioni jua lilikuwa juu yake bila kizuizi. Binti yetu aliyekuwa akilala kwa nyanya yake alikuwa amerudi shule ya bweni. Nilimwambia mke wangu, mlete mama hapa kwetu. Nyumba yetu ni ya matofali, ina silingi, na nyuma kuna miparachichi. Nilimwambia mimi nitalala jikoni, nitalala kwa ndugu yangu, nitalala na mbuzi kijitoni, lakini mama aje.

Alienda, akarudi amenuna.

"Amesemaje?"

"Amesema alale kwa mkwe, watu wataangalia wapi?"

"Lakini mimi sitakuwepo."

"Nimemwambia. Amesema kitanda chako kitakuwepo."

Nikapendekeza tumjengee kibanda cha nyasi, kidogo tu, cha kukaa mchana. Nyasi zenyewe zilikuwa zimeungua mashambani kote. Fundi wa mwisho wa kuezeka niliyemjua alikuwa mzee mmoja Mteso wa Angurai. Nilimpigia simu, akanicheka kwa upole. Alisema mikono yake imesahau, na kwamba mimi ni mtu wa kwanza baada ya muda mrefu kumwomba nyasi, wengine wote wanamwomba awabomolee. Na mama aliposikia habari ya kibanda alikasirika. Wanawe wamemjengea nyumba ya heshima, ati sasa mkwe anataka kumrudisha kwenye nyasi? Hakutaka kusikia mtu akiisema vibaya ile nyumba. Aliipenda, na ndani yake alikuwa anachemka.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya soko. Mke wangu alikuwa kwa madereva wake. Jirani wa omena alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Osieko. Mimi nilifika langoni wakati wa jua la utosi, nikageuka mgongo kama kawaida, nikaita. Kimya. Nikaita tena kwa nguvu, nikasema mama, hata ukikohoa tu nitajua. Kimya. Nilikimbia boma la pili, hakuna mtu, wanawake wote walikuwa wamefuata maji mbali. Boma la tatu nikakuta mtoto mchanga na dadake mdogo wa kumchunga. Nikarudi mbio. Nilisimama kwenye kizingiti cha mama mkwe wangu nikasema kwa sauti, "Mama, naingia, nisamehe." Nikaingia.

Sebuleni hayupo. Joto lilinipiga usoni hadi nikafumba macho. Alikuwa chumbani, sakafuni, alikotafuta ubaridi wa saruji, na alikuwa amevua gauni. Alikuwa na petikoti tu. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto, macho nusu wazi, anaongea maneno yasiyoeleweka kwa Kikhayo cha utotoni. Nilimbeba. Alikuwa mwepesi, sikujua kwamba ni mwepesi hivyo, nilikuwa sijawahi hata kumgusa mkono. Nikamlaza kwenye kile kivuli chembamba cha ukuta, nikavua shati langu nikalilowesha kwenye mtungi, nikamwekea shingoni na kwapani kama tulivyofundishwa. Nikampepea kwa sahani. Nilikuwa nalia, naona haya kusema, lakini nilikuwa nalia na kumtukana Mungu.

Alirudi polepole. Akanywa kijiko, akanywa kingine. Kisha macho yake yakatulia juu yangu, akanitambua, na nikaona anaelewa kila kitu kwa mpigo mmoja: mimi kifua wazi, yeye na petikoti, jua limetumulika mchana kweupe. Alijivuta, akageuza uso ukutani, akabaki hivyo hadi wanawake waliporudi na maji.

Jioni nilimsimulia mke wangu. Alikaa kwenye kigoda akanisikiliza hadi mwisho. Nilidhani atauliza kama mama amekunywa uji. Akaniuliza, "Kwa hiyo ulimwona?"

"Nilimwona akifa."

"Najua. Asante." Akasimama akaenda kuwasha moto.

Baba mdogo wa mke wangu ndiye mkubwa wa ukoo wao aliyebaki. Alikuja kesho yake kwa baiskeli, jasho linamtiririka, akaketi chini ya mparachichi wetu akavua kofia kwanza ili nijue jambo ni zito. Hakunilaumu. Alisema nilifanya vizuri, na kwamba nilifanya vibaya, yote mawili kwa sauti ileile. Aibu ya mama lazima ifunikwe. Mkwe aliyeona asichopaswa kuona huleta blanketi na kuku jike, mama anafunikwa mabegani mbele ya watu, maneno yanasemwa, kisha basi, imekwisha, hata kusalimiana mnaweza.

"Mzee, blanketi kwa joto hili?"

"Liwe jipya," akasema. "Na liwe zito. Usilete shuka."

Nilikuwa na safari ya Malaba, mji mwingine wa mpakani, kwa mkutano wa sisi wa kujitolea, nikalitafuta hukohuko. Mwenye duka alinitazama kama mgonjwa. Mablanketi alikuwa ameyarundika nyuma, chini ya masufuria, hakuna aliyeyagusa tangu jua lianze.

"Boss, unahamia Limuru kwenye baridi?" akaniuliza.

Nikamwambia ni la mama mkwe. Akaacha kucheka, maana mambo hayo hata wao wanayo, akanichagulia la rangi ya damu ya mzee, zito hadi mkono ukachoka. Nililipakata kwenye bodaboda njia nzima, na nilipofika nyumbani tumbo langu lilikuwa limetoka vipele vya joto.

Siku ya kufunikwa niliwekwa langoni. Mama aliketi uwanjani kwenye kiti, mahali ambapo zamani palikuwa na kivuli, na mke wangu akamwekea blanketi mabegani, akalifunga mbele. Baba mdogo akaanza kuongea. Mungu wangu, yule mzee anajua kuongea. Alianzia kwa babu zao walivyovuka kutoka Uganda. Niligeuza kichwa kidogo, nikamwona mama ameketi wima, hatikisiki, na jasho linadondoka kutoka kidevuni hadi kwenye mikono yake. Nilitaka kupiga kelele kwamba mnamuua, kwamba huyu mwanamke majuzi tu alikuwa anakufa kwa joto na sasa mnamfunika. Sikupiga. Jirani wa omena ndiye aliyesogea na kikombe cha maji, akamnywesha bila kumwomba mzee ruhusa, na kwa hilo nitamshukuru maisha yangu yote.

Mwishowe mzee akasema imekwisha. Mama akainuka na blanketi lake, akatembea hadi hatua chache kutoka langoni, na kwa mara ya kwanza akasema nami bila mtu katikati.

"Asante, mkwe."

"Asante, mama," nikasema.

Nilidhani tumepona. Nilidhani kuanzia siku hiyo nitapita mchana, nimsalimie, nimpime joto mwenyewe, nimwambie mama leo utakaa kwetu chini ya mparachichi upende usipende. Nilikuwa najidanganya. Jirani aliniambia baada ya muda mfupi, na siku hiyo hakuwa na utani.

"Daktari, mama siku hizi anafunga komeo mchana."

"Akiwa ndani?"

"Akiwa ndani. Nikibisha ananijibu, anafungua. Lakini anafunga."

Nilimtuma mke wangu amwulize. Komeo lenyewe ni chuma kinene, nilikichagua mimi, kwa ajili ya wezi. Mama alimjibu bintiye kwamba blanketi limefunika yaliyopita, lakini hajui kama litafunika yajayo, na yeye anataka kulala usingizi akijua hatafunguliwa. Mke wangu akamwomba aje kwetu, akakataa. Akamwomba aache dirisha wazi angalau, akasema ataona. Mama hakuwa mtu wa ukali. Alisema yote hayo kwa upole, akamfungia bintiye mihogo ya kuniletea.

Nilikaa na hiyo mihogo mbele yangu nikashindwa kula. Nilijua nini kingetokea, na mtu yeyote mwenye akili angejua. Niliongea na muuguzi, akasema mshawishi. Niliongea na baba mdogo, akasema mpe muda. Wanawe kwa simu walisema watatuma silingi mwezi ukiisha. Mke wangu alipunguza kazi, akawa anampelekea chai asubuhi na chakula jioni, na katikati ya hapo mwenye kubisha mlango ni jirani tu. Mimi nilipita nje ya ua na mtungi wangu, nikauacha langoni, nikakohoa, nikaenda. Alisikia. Baadaye mtungi ulikuwa umeingizwa.

Kisha foleni ya Malaba ikakwama, malori yakajipanga hadi mtu haoni mwisho, na madereva wakaanza kuanguka. Wakatuita sisi wa kujitolea kutoka pande zote tukagawe maji. Sikutaka kwenda. Mke wangu akasema nenda, hapa unafanya nini, hata langoni hupiti. Ilikuwa kweli, nikaenda.

Kazi ile ilikuwa rahisi, hiyo ndiyo inayoniuma. Nilimkuta dereva mmoja Mganda, mtu mnene, ameegemea gurudumu, ngozi kavu, anaongea mambo ya ajabu. Nikampasua shati. Nikammwagia maji kichwani, nikamwekea kitambaa kwapani, nikamshika shingo kama mtoto nikamnywesha. Alipopata fahamu akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa Kiganda, "Webale nnyo, ssebo," akacheka, nami nikacheka. Hakuna aliyemfunika mtu mabega. Nilikuwa bado nimechuchumaa pale, mkono wangu uko mkononi mwake, simu ikaita.

Alikuwa jirani wa omena. "Daktari, uko wapi?"

"Malaba."

"Mama hajibu. Mlango umefungwa kwa ndani."

"Chungulia dirishani."

"Hakuonekani ndani. Dirisha limezibwa."

"Vunja mlango."

"Nivunje mlango wa mama wa watu? Tumemwita baba mdogo, anakuja na baiskeli."

Nilimpigia kelele. Nilimwambia maneno ambayo sijawahi kumwambia mtu, na bado sikumlaumu wala simlaumu leo. Mlango wa mjane huvunjwa na mwanawe au na ukoo wa mume, na yeye si wa ukoo, ni jirani tu aliyejitahidi. Nikapanda bodaboda. Barabara ilikuwa inameremeta kwa joto, malori yamesimama upande mmoja kama ukuta, na yule kijana aliendesha kwa kasi ya kuniua, nami nikamwambia aongeze.

Nilipofika, wanawake walikuwa wamezunguka mlango, mke wangu ameketi kwenye vumbi amemaliza sauti. Baba mdogo alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa amesimama na nyundo mkononi, mzee wa watu, anapiga mlango penye komeo kwa nguvu isiyotosha hata kuua panya. Nilimnyang'anya ile nyundo. Niliujua ule mlango, nilijua misumari yake imekaa wapi. Ulifunguka.

Ndani kulikuwa giza. Blanketi lilikuwa limepigiliwa misumari kwenye fremu ya dirisha la chumba, juu na pembeni, limekazwa vizuri, mtu yeyote anayepita nje na mtungi asiweze kuona ndani hata akitaka. Hewa haikupita kabisa. Mama alikuwa kitandani. Hakuwa sakafuni safari hii, wala hakuwa na petikoti. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, sweta juu yake limefungwa vifungo hadi shingoni, soksi miguuni, na leso kichwani imefungwa kwa uangalifu. Alikuwa amejiandaa kwa ajili yangu, endapo nitaingia. Nilimshika shingo, nikamshika kifundo cha mkono. Alikuwa na joto bado, lakini lilikuwa joto la nyumba.

Nilisikia baba mdogo nyuma yangu kwenye mlango wa chumba. Alikuwa analia, namsema kwa haki, machozi yalikuwa yanamtoka mzee yule. Lakini desturi ilikuwa imeshamkaa mdomoni.

"Umeingia tena, mkwe," akasema. "Itabidi ulete lingine."

Nilienda dirishani nikang'oa misumari mmoja mmoja kwa makucha ya nyundo, mwanga ukaingia, watu wa nje wakatuona. Nikalikunjua blanketi nikamfunika mama kuanzia miguuni hadi kidevuni, kwa mikono yangu mwenyewe, mbele yao wote. Lilikuwa bado la moto kwa jua la dirishani.